Baada ya taarifa ya habari, msomee mtu kwa sauti

Taarifa ya saa mbili usiku ikiisha, usikimbilie simu kutafuta habari zaidi za vita na bei ya mafuta. Zima televisheni, chukua riwaya ya nchi ya kufikirika, umsomee mwenzako kurasa mbili tatu kwa sauti. Mimi napendekeza Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Ni fupi, na nchi yenyewe inaelea hewani! Mhusika mkuu, Karama, ameshtakiwa, naye anasimama kujitetea mbele ya wakubwa, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema ya nchi, na waliporudi wakatiwa gerezani. Hapo ndipo mazungumzo huanza yenyewe. Mtu aliyekaa kimya wakati wa habari atauliza, "Sasa kosa lao nini?" na mara mnajikuta mnajadili mambo ya leo bila kugombana, kwa kuwa hakuna anayetetea chama chake. Kwangu mimi, uzuri wa hadithi hizi ni huo hasa.

Aliye mbali mpigie, umsomee vivyo hivyo. Ujumbe wa maandishi hautoshi. Katisha pale panaponoga, ili kesho akutafute mwenyewe.