Somo: Kupanga jamaa wa vinasaba kwa rangi nne

Orodha ya jamaa unayoletewa baada ya kupima vinasaba huwa na majina mengi mno, na kuisoma kutoka juu hadi chini hakukuonyeshi nani ni wa upande wa babu mzaa baba na nani ni wa upande wa bibi mzaa mama. Njia ifuatayo ilitolewa mwaka 2018 na Dana Leeds, mtafiti wa nasaba wa Marekani. Haihitaji uwe na mti wa ukoo, ndiyo maana naithamini sana kwa ajili ya wale wasiomjua baba au mama aliyewazaa.

Hatua ya 1. Andika kwenye lahajedwali majina ya jamaa mnaoshiriki kati ya sentimogani 90 na 400 (sentimogani ni kipimo cha vinasaba mnavyoshiriki; zikiwa nyingi, kwa kawaida udugu ni wa karibu), kuanzia mwenye nyingi. Waliozidi 400 waache, kwa sababu binamu wa kwanza mna babu na bibi wale wale, na jamaa zake wangechanganya pande mbili. Unaowatafuta hasa ni wale ambao wewe na wao ni vitukuu vya mume na mke mmoja, kwa kuwa wazee hao walimzaa mmoja tu kati ya babu na bibi zako wanne.

Hatua ya 2. Jina la kwanza, tuseme lenye sentimogani 312, lipake kijani. Fungua orodha ya jamaa mnaochangia na mtu huyo, yaani wanaoshiriki vinasaba nawe na naye pia, na kila aliyemo ambaye pia umemwandika mpake kijani katika safu hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Shuka hadi jina la kwanza lisilo na rangi, uanze safu ya njano. Mwenye kijani akitokea tena, mwongezee njano bila kufuta ya awali. Endelea hadi majina yaishe.

Hatua ya 4. Safu zikiwa nne, kwa kawaida kila moja ni ya babu au bibi mmoja. Zikizidi, zile zenye watu wanaojirudia huenda ni matawi ya mzee mmoja. Ukimtambua hata mtu mmoja katika safu, umeshajua pa kuanzia kwa waliobaki.

Maswali ya wanachama

Swali: Sisi ni watu wa Lamu, baba na mama ni watoto wa ndugu wawili, na nimepata safu tatu tu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Wengine wana wazazi wanane wa babu na bibi zao, lakini wewe unao sita, kwa hiyo safu mbili zimeungana kuwa moja. Pale ambapo ndoa za binamu zimerudiwa vizazi kwa vizazi, sentimogani huongezeka na jamaa wa mbali huonekana wa karibu. Usiamini namba peke yake, na mpime mzee wa ukoo angali hai.

Swali: Nina watu watatu tu waliozidi 90.

Jibu: Wengi waliopima wako Marekani na Ulaya, hivyo Waafrika wengi wana hali yako. Shuka hadi 50, ukijua kwamba rangi zitachanganyika zaidi.

Swali: Ndugu yangu wa baba mmoja nimwandike?

Jibu: Hapana, amezidi 400. Hata hivyo, itumie orodha yake: safu ambazo jamaa zake wanajirudia humo ni za baba, ilimradi mama zenu hawana udugu.