Usiache jiwe la 1000 kabla wembe haujakujibu

Wembe wa kukunja ukinolewa halafu ukavuta ndevu badala ya kuzikata, mara nyingi kosa halipo kwenye jiwe laini la mwisho. Ni jiwe la 1000, lile la chembe nene linalounda makali mwanzoni, lililoachwa mapema.

Kabla ya kuliacha, futa wembe ukauke, ushike chini ya taa makali yakikutazama, kisha uuyumbishe polepole. Makali yaliyokutana sawasawa hayarudishi mwanga hata kidogo. Ukiona nukta inayometa, au uzi mwembamba mweupe, hapo pana ubutu au pengo. Rudi jiweni.

Halafu jaribu vinyweleo vya mkono, wembe ukigusa ngozi kidogo tu, kipande kwa kipande kuanzia upande wa mpini hadi nchani. Sehemu moja ikinyoa na nyingine ikateleza, bado. Nchani ndiko hupitwa kwa urahisi, kwa hiyo pajaribu peke yake.

Ukifika jiwe la 8000, lenye chembe laini zaidi, inua wembe juu ya ngozi kama nusu sentimita. Vinyweleo vikatike bila kuhisi kuvutwa. Kile kipimo cha kugusisha unywele mmoja ulioning'inizwa kwenye makali uone kama utakatika, mimi sikitegemei sana, maana unywele mnene hukatika upesi kuliko mwembamba, na unaweza kudanganyika. Kukwaruza makali kwa ukucha ndiyo usijaribu kabisa baada ya jiwe hili, unayaumiza.

Pitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, ndipo uupeleke shavuni.