Somo: Kumdodosa shahidi wa Jamhuri (upande wa mashtaka) kwa maelezo aliyoandikisha polisi

"Nimdodoseje shahidi aliyesema tofauti na maelezo yake?" Swali hili limejaa kwenye meseji zangu, nimechoka. Nalimaliza hapa.

1. Dai nakala ya maelezo mapema.

2. Maswali yawe ya kuongoza, jambo moja kila swali. "Taa ilikuwa koroboi?" "Ilikuwa sebuleni?" "Wewe ulikuwa uani?" "Kwa nini" iache nyumbani.

3. Mrudishe kwanza kwenye alichosema leo, akirudie.

4. Hapa ndipo panapoharibika. Kifungu cha 154 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania (namba ya toleo la 2019) kinakuruhusu kumhoji bila kumwonyesha maandishi, ila ukitaka kumpinga kwayo, lazima umwelekeze kwenye sehemu husika. Ayatambue maelezo na saini au dole gumba lake, yasomwe, mwonyeshe sentensi yenyewe, ndipo uombe yapokelewe kama kielelezo. Ukisoma kwa sauti ukakaa, hakuna kilichoingia, na hoja zako za mwisho zitategemea karatasi isiyo kwenye rekodi. Tahadhari: yakipokelewa, hakimu anayasoma yote, pamoja na mistari inayommaliza mteja wako. Shahidi akikiri tofauti kwa mdomo wake, huenda huna haja ya kielelezo. Na usimwulize "kwa hiyo ulidanganya?" Hapo umempa nafasi ya kujitetea.

5. Kaa.

Mdau1: Nina kesi ya wizi kesho, naomba sampuli ya maswali.
Jibu: Sampuli haipo. Hatua ya 1 ilikuwa ya wiki iliyopita.

Mdau2: Si salama zaidi kunyamaza?
Jibu: Soma hukumu ya Mahakama ya Rufani, Nyerere Nyague, Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010. Usilolihoji unahesabiwa umelikubali. Chagua ya kuhoji, usikimbie yote.

Mdau3: Je, maelezo yakiwa hayamtaji mshtakiwa kabisa? Hapo hakuna sentensi ya kumwelekeza.
Jibu: Umeona mbali. Huo ni ukimya, ujengee uzio kwanza: "Ulimfahamu kabla?" "Ulifika polisi asubuhi ile ile?" "Ulieleza yote uliyoyakumbuka?" Halafu: "Jina lake limo humu?" Ukimaliza, hukumu ya Marwa Wangiti Mwita [2002] inakubeba: kumtaja mtuhumiwa mapema ndiko kunakompa shahidi uzito. Kama tukio ni la usiku, ongeza hukumu ya Waziri Amani [1980] kuhusu utambuzi: umbali, mwanga, muda wa kumtazama.

Mdau4: Nyongeza: mahakimu wengi bado wanaandika kwa mkono. Tazama kalamu, isiposimama usiulize linalofuata.
Jibu: Hii ilipaswa kuwa hatua ya 2.