Somo: Kucheza Jozi ya Wafalme Baada ya Flopu

Katika poka ya Texas Hold'em, wafalme wawili mkononi huzidiwa na jozi moja tu, ile ya ree. Hata hivyo, zikishafunuliwa karata 3 za kwanza mezani, yaani flopu, nguvu hiyo hupimwa upya, na wengi hupoteza fedha hapo kwa kushikilia thamani ambayo karata zao zilikuwa nayo mwanzoni.

Hatua ya kwanza: isome meza. Tisa ya shupaza, nne ya uru na mbili ya pao ni meza iliyotawanyika. Ghulamu na kumi za kopa pamoja na nane ya uru ni meza iliyoshikamana, yenye nafasi kwa anayetafuta mfuatano (karata tano zinazofuatana) au kopa tano.

Hatua ya pili: weka dau, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi. Mpinzani mwenye kopa nne, za mkononi na za mezani kwa pamoja, amebakiwa na kopa 9 kati ya karata 47 asizoziona, kwa hiyo uwezekano wa kuipata kwenye karata inayofuata ni takriban asilimia 19. Mezani pakiwa na shilingi 1,000 nawe ukaweka 500, atatoa 500 akitafuta 1,500, na ili asipate hasara anahitaji uwezekano wa asilimia 25. Ukipisha zamu bila kuweka dau, umempa karata hiyo bure. Kwenye meza iliyoshikamana mimi huweka theluthi mbili ya fedha zilizo mezani. Kwenye iliyotawanyika theluthi moja inatosha, kwa kuwa nia ni kufuatwa, yaani kulipiwa dau hilo, na wenye jozi ndogo.

Hatua ya tatu: ree ikitokea, jambo linalotukia takriban mara 23 katika flopu 100, punguza dau au pisha, lakini usitupe karata kabla mtu hajakushinikiza.

Hatua ya nne: mchezaji mtulivu akipandisha dau kwa kiasi kikubwa kwenye karata ya nne, tupa. Jozi moja mara nyingi haitoshi hapo, hata ikiwa ya wafalme.

Maswali ya wanachama

Swali: Nikiwa na ree na mfalme, na flopu isinipe jozi?
Jibu: Hutokea takriban mara mbili katika kila tatu. Dhidi ya mpinzani mmoja, kwenye meza iliyotawanyika, weka dau dogo mara moja tu. Akifuata, na karata ya nne isikusaidie, acha kuweka dau.

Swali: Nikipata mfalme wa tatu, nipishe ili kuwatega?
Jibu: Kwenye meza iliyoshikamana sishauri hata kidogo. Weka dau, kwa sababu wanaotafuta karata watakulipa sasa, kabla hawajakosa.