Mbwa wa pua bapa hapa Mombasa: soma kabla hujatuma pesa

"Pagi atanifaa?" "Buldogi wa Kifaransa anaweza fleti?" Pagi (pug) na buldogi ni mbwa wa pua bapa, na nimechoka kujibu hayo kwenye inbox. Naandika mara moja.

1. Pata ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi.

2. Majirani. Wengi wetu hapa mate ya mbwa ni najisi, na ngazi ni moja. Kamba fupi mpaka getini. Ukiona ni kero, usifuge.

3. Nyumba ikishinda tupu kutwa, acha. Hawa walizalishwa wakae na watu.

4. Joto. Mbwa hupoa kwa kuhema, umajimaji ukikauka puani na kwenye ulimi. Pua fupi haina nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo, na Februari na Machi hewa yetu ina joto na unyevu. Feni kwa mbwa mkavu haisaidii sana. Panga chumba chenye AC, na panga utafanyaje stima ikipotea. Matembezi ni alfajiri au baada ya magharibi.

5. Sikiliza pumzi kabla ya kulipa. Hapa ndipo watu huliwa pesa, maana picha haikoromi. Mtoto wa miezi miwili huweza kupumua vizuri, shida ikatokea akishakua, kwa hiyo mwombe muuzaji uwaone wazazi wake. Tazama matundu ya pua: yawe wazi, si mstari kama tundu la kifungo. Kisha mzazi akimbizwe mdogo mdogo dakika 3, kukiwa na ubaridi, umsikilize kabla na baada. Akikoroma akiwa macho, njia ya hewa ni nyembamba. Muuzaji akikwambia "ndivyo walivyo", ondoka. Usijaribu hili adhuhuri. Ulimi ukigeuka zambarau au akitoa povu, simamisha papo hapo. Na asiyetaka kukuonyesha mama, usimtumie hata deposit.

6. Weka akiba ya upasuaji: matundu ya pua, kaakaa laini (nyama ya juu nyuma ya mdomo), macho. Chakula ndicho rahisi.

MASWALI

Kijana wa Tudor: Bei gani pagi?
– Umesoma namba 6? Anza kwa kumuuliza daktari wa mifugo bei ya upasuaji.

Bamburi Boy: Nikimpeleka bichi saa tisa mchana si ataogelea apoe?
– Buldogi ana kichwa kizito na miguu mifupi, huzama. Na huo mchanga, uwekee mgongo wa kiganja sekunde 7. Ukishindwa wewe, naye hawezi.
– Bamburi Boy: Mbona mkali hivyo?
– Saa tisa, ndugu yangu. Saa tisa!

Mama Mkomani: Shemeji ananiachia pagi wa miaka 4. Joto likimzidi na Daraja la Nyali limejaa magari, nifanyeje?
– Swali zuri, dada. Mpoze kwanza, ndipo umsafirishe kwa daktari wa mifugo. Mwagia maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, kisha feni. Akilowa ndipo feni inafanya kazi. Usimfunike kwa taulo lililolowa, linazuia joto kutoka. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa: kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, ikifika 41 ni hatari. Ikishuka 39.5 acha kumwagia, asije akapoa kupita kiasi. Hata akichangamka, mpeleke, figo huweza kuharibika baadaye.
– Mama Mkomani: Shukran sana. Na mikunjo ya uso?
– Pamba na maji safi kila siku, halafu kausha mpaka ndani kabisa. Ikibaki mbichi, fangasi.

Fundi wa Likoni: Niongeze: poda ya mtoto hapana, inaganda kwenye mikunjo na anaivuta puani. Na kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, isimkabe shingo.
– Sawa kabisa. Na asinenepe, mafuta ya shingoni yanabana koo. Mbavu uzipate kwa vidole bila kubonyeza.

Kijana wa Tudor: Sasa kuna mtu anauza pagi bei poa?