Saa ya Kinshasa si saa ya Lubumbashi

Wadada wa Lubumbashi mnaoandikia kampuni za Kinshasa programu mkiwa nyumbani, kumbukeni kwamba sisi tuko mbele kwa saa 1. Mkutano wao wa saa 11 jioni kwetu ni saa 12: giza linaingia, makala (mkaa) yameshashika kwenye jiko la mbabula, mtoto anavuta kitenge. Nimesonga bukari (ugali) mikutanoni miezi mingi, hadi siku niliposahau kuzima kipaza sauti, wote wakasikia mwiko. Sasa kwenye kalenda ya timu nimefunga saa 11 na nusu hadi saa 2 usiku, kwa saa zetu. Nimeandika tu "sipo". Usieleze sababu, wanaume hawaulizwi. Na umeme ukikatika mchana, usifidie usiku wa manane. Tuma ujumbe kwa simu, ulale.