Mzee akibadilika tabia, andikeni mti wa ukoo

Kwanza mpelekeni hospitali. Apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya ukimwi, maana hayo huvuruga akili na yana dawa. Yakitoka safi, na mzee ana miaka 50 au 60 tu, na kilichobadilika ni tabia zaidi kuliko kumbukumbu, shikeni kalamu mchore mti wa ukoo, maana huenda ni ugonjwa wa ubongo wa kurithi. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Langoni, Lamu, na karatasi hii nawahimiza watu waende nayo kwa daktari wa neva.

Iko protini iitwayo progranulini, inayolinda seli za ubongo na kuzisaidia kusaga taka zake. Jeni yake, yaani maelekezo ya kurithi ya kuitengeneza, huitwa GRN; iko kwenye kromosomu ya 17, na kila mtu ana nakala mbili: ya baba na ya mama. Mwaka 2006 watafiti walitambua kwamba moja ikiharibika, protini hushuka hadi nusu au chini yake, na nusu haitoshi. Ubongo wa mbele na wa pembeni hunyauka. Mtu mpole huanza kutukana, mwenye haya huvua nguo mbele ya wageni, mwingine maneno humkauka kinywani. Huku kwetu husemwa ana jini, na inaniuma, kwa kuwa mgonjwa hufichwa ndani. Kila mtoto wa mwenye nakala mbovu huenda akairithi, nusu kwa nusu.

Mwanamume mchoreeni mraba, mwanamke duara. Aliyeugua apakwe wino, aliyefariki apigwe mstari wa mshazari. Ndoa ya binamu iunganishwe kwa mistari miwili, na msiifiche, maana sisi tunaoana sana. Mtoto akipata nakala mbovu pande zote mbili, huugua ugonjwa mwingine kabisa angali kijana: macho hufifia, kifafa humshika. Ndugu wa kunyonya msiwatie. Ziwa halipitishi jeni.

Waulizeni kina khalati na shangazi kabla ya wanaume, ndio waliowauguza wagonjwa. Msiulize "alikuwa akisahau?" Ulizeni: aligawa pesa ovyo? Alipenda vitamu kupita kiasi? Aliacha kujali msiba? Umri wa kuanza kuugua ndio muhimu kuliko yote, na wazee wengi hawana tarehe, basi pimeni kwa matukio: kabla ya uhuru wa 1963 au baadaye? Kabla ya mvua za El Nino za 1997?

Ami mwenye miaka 75 anayeshona matanga mpaka leo msimwandike "salama". Jeni nyingine, TMEM106B, ina aina inayowakinga baadhi ya wenye GRN mbovu, ndiyo maana ndugu wawili wa nakala ileile huweza kupishana miaka mingi. Wanawe nao waingie kwenye mti.

Daktari akiona inafaa, ataagiza kipimo cha progranulini kwenye damu, kisha cha jeni. Dawa ya kuuponya haipo bado, kwa hiyo kupimwa ni hiari ya kila mtu mzima, baada ya kushauriwa. Watoto wasipimwe.

Karatasi aiweke mtu mmoja mwenye kutunza siri. Ikiwafikia wanaoleta posa, binti atakataliwa kwa jeni ambayo pengine hata hana.